Upime Mnara wa Kupozea Kabla ya Kuulaumu

Ukifika mwezi wa Machi jijini Dar es Salaam, malalamiko ya hoteli nyingi hufanana: vyumba havipoi, chila (mashine inayopoza maji ya viyoyozi) inajizima mchana, na lawama zote zinapandishwa juu ya paa kwenye mnara wa kupozea maji, ule ambao mafundi wengi huuita kuling tawa. Dawa zinazopendekezwa nazo hufanana: funga pampu kubwa, badilisha feni, agiza mnara mpya. Zote ni ghali, na mara nyingi hutajwa kabla ya mtu yeyote kushika kipimajoto. Mimi nasema usinunue kitu mpaka umeandika hesabu mbili, urari wa joto na urari wa maji. Hesabu hizi zinategemeana, na moja ikidanganya, nyingine huiumbua.

Tuanze na kikomo, maana hapo ndipo ugomvi mwingi na mameneja unapoanzia. Maji ya moto kutoka kwenye kondensa ya chila yananyunyizwa juu ya vijazio vya plastiki, feni inavuta hewa kupita katikati yake, sehemu ndogo ya maji inageuka mvuke, na mvuke huo unaondoka na joto. Kwa kuwa kinachopoza hasa ni kule kuvukiza, mnara hauangalii joto la hewa linalotangazwa redioni. Unaangalia joto la balbu nyevu, yaani lile linaloonyeshwa na kipimajoto kilichovishwa utambi wa pamba uliolowa. Hewa ikiwa na nyuzi 31 za Selsiasi na balbu nyevu 26, hali ya kawaida kabisa pwani msimu wa joto, mnara mzima wa afya utakupa maji ya nyuzi 29 hadi 31. Anayedai maji ya nyuzi 26 siku hiyo anadai kitu ambacho mnara wa kawaida hauwezi kukifikia, hata uufungie feni tatu.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni balbu nyevu, na hapa watu huvuruga sana. Tumia utambi safi na maji yaliyochujwa chumvi. Hewa ipite kwenye balbu kwa kasi, ndiyo maana vipimajoto vya mkono huzungushwa kama kombeo. Simama kivulini. Pima mara mbili: mbali na mnara upande upepo unakotoka, kisha mdomoni kabisa pale hewa inapoingia. Vipimo viwili vikipishana kwa nyuzi moja au zaidi, mnara unavuta tena hewa yake wenyewe iliyokwisha kulowa, pengine kwa sababu ya ukuta au tangi lililojengwa karibu. Tatizo hilo haliponi kwa pampu mpya.

Sasa tuchukue mfano wenye namba. Mnara unapokea maji meta za ujazo 180 kwa saa, sawa na kilo 50 kwa sekunde. Yanaingia na nyuzi 35, yanatoka na nyuzi 30. Joto linaloondolewa ni 50 × 4.18 × 5, yaani kilowati 1,045. Usiiamini namba hii peke yake. Joto la mnara ni mzigo wa ubaridi wa jengo ukijumlisha umeme unaoliwa na kompresa. Kama kompresa inakula kilowati 170, basi chila inapaswa kuwa inatoa ubaridi wa kilowati 875 hivi. Nenda kwenye upande wa maji baridi, pima mtiririko na tofauti ya joto, uone kama unapata hiyo 875. Tofauti ya asilimia 5 ni ya kawaida kwa vifaa vya kazini. Ikifika 20, mita mojawapo imekudanganya, na hakuna haja ya kuendelea na hesabu mpaka umejua ni ipi.

Upande wa hewa ndio unaowatisha watu, ingawa kinachohitajika ni jedwali la mvuke na kikokotoo cha simu. Unyevu wa hewa iliyoshiba, kwa kilo ya hewa kavu, ni 0.622 ukizidisha kwa kanieneo ya mvuke, kisha ukigawa kwa kanieneo ya angahewa iliyotolewa kanieneo ya mvuke. Katika nyuzi 26 kanieneo ya mvuke ni kilopaskali 3.363. Usawa wa bahari una 101.3. Jibu ni 0.0214. Hiyo ni hewa iliyoshiba. Yetu haijashiba, kwa hiyo toa takriban 0.00043 kwa kila nyuzi ya tofauti kati ya balbu kavu, yaani joto la kawaida la hewa, na balbu nyevu. Tofauti ni nyuzi 5, unabaki na 0.0192. Hewa inayotoka juu tuseme ina nyuzi 32 na imeshiba, kama inavyokuwa karibu siku zote. Unyevu wake ni 0.0306. Usipoweza kuifikia kwa usalama, kisia joto lake kuwa katikati ya joto la maji yanayoingia na yanayotoka. Hutakuwa mbali.

Enthalpi, yaani jumla ya joto lililobebwa na kilo moja ya hewa kavu pamoja na mvuke wake, hupatikana hivi: 1.006 mara joto la hewa, ongeza unyevu mara (2501 + 1.86 mara joto la hewa). Inayoingia ina kilojuli 80.4, inayotoka 110.7. Kila kilo ya hewa imeondoka na kilojuli 30.3 za ziada.

Wengi hugawa hapo hapo 1,045 kwa 30.3 na kufunga daftari. Wanasahau kwamba maji yaliyovukiza yalikuwa na joto lake tangu mwanzo, nalo limehamia hewani. Kila kilo ya hewa imechukua kilo 0.0114 za maji. Zidisha kwa 4.18 na kwa nyuzi 30 za maji yanayotoka, unapata kilojuli 1.43. Toa hizo kwenye 30.3, gawa, na hewa kavu inakuwa kilo 36.2 kwa sekunde. Kosa la kusahau ni kama asilimia 5, dogo kwa anayekagua, kubwa kwa anayebishana na muuzaji kuhusu dhamana.

Kilo 36.2 hizo, kwenye feni iliyo juu ya mnara, ni takriban meta za ujazo 33 kwa sekunde. Linganisha na karatasi ya mtengenezaji. Kama karatasi inasema 40, umeshapata mgonjwa wako: mikanda imelegea, pembe ya mapanga imebadilika, au vijazio vimeziba kwa chokaa na ukungu. Kama hewa inalingana na karatasi ila maji bado ni ya moto, panda uangalie nozeli. Nozeli zikiziba upande mmoja, maji yote hushukia upande wa pili, na nusu ya hewa hupita pasipo na kazi.

Tuje kwenye maji, sehemu ninayoipenda kwa sababu inagusa bili. Hewa kilo 36.2 mara unyevu 0.0114 ni kilo 0.414 kwa sekunde, karibu meta za ujazo 1.49 kwa saa zinazopaa angani. Hakuna fundi atakayezizuia. Hayo ndiyo malipo ya kupoza. Zipo pia zinazomwagwa kwa makusudi, kwa kuwa mvuke huondoka mtupu na chumvi zikabaki kwenye beseni. Kiasi cha kumwaga hutokana na mara ngapi chumvi zimejikusanya. Pima upitishaji umeme wa maji mapya na wa maji yanayozunguka. Yakiwa maikrosimensi 400 na 1,600 kwa sentimita, mkusanyiko ni mara 4, na maji yanayotoka bila kuvukiza ni 1.49 gawa kwa (4 − 1), takriban 0.5. Jumla unahitaji meta za ujazo 2 kwa saa za maji mapya. Matone yanayopeperushwa na feni yamo ndani ya ile 0.5, vizuizi vya matone vikiwa vizima ni kiasi kidogo mno, ila vikivunjika usivipuuze, kwani matone hayo yanaweza kusambaza bakteria wa Legionella kwa wapita njia.

Ukiruhusu mkusanyiko ushuke hadi mara 2, mahitaji yanapanda hadi karibu 3 kwa saa. Ukiupandisha kutoka 4 hadi 8, yanashuka hadi 1.7 tu. Faida kubwa imo katika hatua za mwanzo. Baadaye unaokoa ndoo chache huku ukihatarisha mirija ya kondensa. Kwa wanaotumia visima vya pwani vyenye maji ya chumvi, hata 4 inaweza kuwa ndoto.

Sasa tazama mita ya maji mapya katika saa ambazo mzigo umetulia. Hesabu inasema 2 kwa saa, mita inasema 2.9. Karibu lita 900 kila saa hazina maelezo. Zinapotelea wapi? Usikimbilie kufukua mabomba. Kama maji yangekuwa yanavuja baada ya kuingia mnarani, kwa boya lililokwama na beseni kufurika, kwa sili ya pampu, au kwa valvu ya kumwagia isiyofunga, yangetoka na chumvi zake, na mkusanyiko ungeshuka: 2.9 gawa kwa (2.9 − 1.49) ni kama mara 2. Kwa hiyo soma tena kipimo cha upitishaji umeme. Kikionyesha mara 2, mtafute mwizi kwenye mnara na mabomba yake ya mzunguko. Kikionyesha 4 kama zamani, maji hayakufika mnarani kabisa. Yamepasuka njiani, au kuna mtu ameunga tawi kabla ya beseni anaoshea magari.

Kuna kanuni ya haraka inayosambaa sana, kwamba mvukizo ni 0.00153 mara mtiririko mara nyuzi zilizoshuka. Kwa mfano wetu inatoa 1.38, si mbaya. Ila haijui hali ya hewa. Acha balbu nyevu ibaki 26 na hewa inayotoka ibaki 32, lakini balbu kavu ipande hadi 36. Joto linaloondolewa ni lile lile, na hewa inayohitajika karibu ile ile, ila mvukizo unafika 1.77, kwa sababu hewa yenyewe nayo inapozwa njiani. Anayepanga matangi ya akiba kwa ajili ya kiangazi kwa kanuni hiyo atakaukiwa.

Na wa nyanda za juu waache kutumia chati za usawa wa bahari. Olkaria, karibu na Naivasha, iko takriban meta 2,000 juu, na kanieneo ya hewa pale ni kama kilopaskali 80. Hewa iliyoshiba ya nyuzi 18 ina unyevu 0.0129 pwani, kule 0.0165, zaidi kwa robo. Feni inasukuma ujazo ule ule wenye kilo chache, ila kila kilo inabeba mvuke mwingi zaidi. Ukiingiza 80 badala ya 101.3 kwenye kanuni ile ile, hesabu inajirekebisha yenyewe. Vituo vya jotoardhi vya huko, ambavyo mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981, vina urari wa maji uliogeuzwa: mvuke wa visima uliotoneshwa ndio maji mapya ya mnara, na ziada hurudishwa ardhini.

Wasomi watauliza kuhusu Merkel, Mjerumani aliyetoa njia yake mwaka 1925 ya kukokotoa ukubwa wa mnara. Ni njia nzuri kwa anayebuni, lakini yenyewe hupuuza maji yanayopungua kwa kuvukiza, kwa hiyo haitakueleza bili. Mwenye mnara uliokwisha simama anahitaji zaidi vipimo vya kweli.

Kama bajeti ya mwaka huu inaruhusu kifaa kimoja tu, nunua mita ya maji na uifunge kwenye bomba la maji mapya, karibu kabisa na beseni. Feni mpya isubiri.