Mtambo Ulichukuliwa, Studio Ikabaki: Somo la Sauti ya Injili



Inapozungumzwa redio ya FM kwa watu wa Ikwiriri na delta ya Rufiji, swali la kwanza huwa ni bei ya mtambo. Katika somo hili tunatanguliza swali lingine: siku redio itakapobadili mwenyewe, sisi tutabaki na nini?

Tarehe 26 Februari 1963 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilianza kurusha matangazo ya Sauti ya Injili kutoka Addis Ababa, Ethiopia, kwa mitambo miwili ya masafa mafupi yenye kilowati 100 kila mmoja. Vipindi vingi vya Kiswahili vilirekodiwa katika studio ya Moshi, na kanda zikapelekwa Addis Ababa. Utaratibu wake ulikuwa takriban asilimia 30 Neno la Mungu, na asilimia 70 habari, elimu, afya na utamaduni.

Tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliitaifisha redio hiyo na kuifanya sauti ya mapinduzi yake. Mitambo na majengo vilikwenda kwa siku moja. Lakini Moshi ilibaki na chumba cha kurekodia na, zaidi ya hicho, watu waliojua kutayarisha kipindi. Wakaendelea, vipindi vikirushwa kwa mitambo ya wengine. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo visivyo vya serikali, Sauti ya Injili ikawa kituo cha FM hapo Moshi chini ya KKKT. Masafa yalipungua sana; msikilizaji sasa alikuwa jirani.

Kwetu Rufiji majirani wengi ni Waislamu, na mafuriko ya Aprili 2024 hayakuuliza dini ya mtu. Hivyo ile asilimia 70 tunaiona kuwa ndiyo kazi yenyewe: kina cha mto, bei ya mpunga, kipindupindu, njia ya kuhamia.

Mtambo mfadhili anaweza kuununua. Mtayarishaji hanunuliwi. Kabla ya kikao kijacho tunaomba kila kamati ituletee majina ya vijana wawili, wa kike na wa kiume, wanaoweza kumhoji mkulima na kuandika alichosema. Pia mjadiliane leseni iandikwe kwa jina la nani, na nani atalipa umeme mfadhili akishaondoka.