Kitabu kimoja kwa inchi yote

Ndugu memba, leo tunajifunza kwa wafugaji wa mbwa wa Ujerumani. Mu mwaka 1899, Max von Stephanitz na wenzake walianzisha chama cha mbwa wa kuchunga kondoo. Mbwa wa kwanza kuandikwa mu kitabu chao aliitwa Horand.

Chama kinaongozwa namna gani?

1. Memba anaingia mu kikundi cha kwao.
2. Vikundi vya jimbo moja vinaungana.
3. Wajumbe wanakutana mu mukutano mukubwa wa inchi. Ule ndio unachagua prezida na komite.
4. Kitabu cha uzazi ni kimoja. Mbele mbwa akubaliwe kuzalisha, anapigwa picha ya mifupa ya nyonga, juu ubovu wa nyonga unaweza kurizishwa watoto.

Na siye je? Mara mingi dume la mbuzi linapanda binti zake mwenyewe, juu hakuna muntu aliandika. Watoto wanazaliwa zaifu, na hasara ni yetu wote.

Tununue daftari. Tuandike baba, mama, na tarehe ya kuzaliwa. Lisifungiwe kwa prezida. Kila memba akiliomba, alisome.

Tuzungumuze: kwenu, nani anashika daftari? Nani anamuchunguza?