Tela Nyuma, Mteremko Mbele

 

Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya tela. Hapa Ufipa tela si kitu kigeni. Kuna mkokoteni wa ng'ombe, kuna tela la trekta, na siku hizi kuna tela la pawatila. Wengine hufunga tela dogo nyuma ya gari. Yote haya hufuata kanuni moja. Anayeijua kanuni hiyo husafiri salama. Asiyeijua hupata hasara, na pengine hupoteza maisha ya watu.

Tutajifunza kutokana na safari yetu wenyewe. Hatutaficha kosa letu, maana kosa lililofichwa halimfundishi mtu.

Matayarisho ya safari

Sisi ni mume na mke, wakazi wa Sumbawanga. Wakati wa likizo tulikusudia kwenda Kasanga, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Huko tuna shangazi. Tulitaka kumpelekea unga na maharage, kisha turudi na dagaa na migebuka. Hii ni desturi ya siku nyingi. Watu wa juu wana nafaka, watu wa ziwani wana samaki.

Tuliazima gari dogo la mizigo na tela la magurudumu mawili. Tela hilo lilitengenezwa na mafundi wa kuchomelea vyuma. Tulilifunika kwa turubai, tukaweka godoro, vyandarua, sufuria na jiko la mkaa. Tulitaka tulale humo tukifika ufukoni, tusimsumbue shangazi ambaye nyumba yake ni ndogo. Majirani walipotuona walicheka. Wakauliza, "Jamani, mnahama?"

Mzigo wetu ulikuwa huu. Unga, mifuko miwili ya kilo 50. Maharage, mfuko mmoja wa kilo 50. Maji, madumu matano ya lita 20. Kumbuka kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo maji peke yake yalikuwa kilo 100. Godoro, vyombo na vitu vingine vilikuwa kilo 60.

Madumu ya maji tuliyapanga nyuma kabisa, karibu na mlango wa tela. Mifuko ya unga nayo tukaiweka nyuma. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa rahisi kupakia na itakuwa rahisi kushusha. Mbele tuliweka godoro na vyombo, vitu vyepesi.

Mama Watoto aliangalia, akasema, "Baba Watoto, mzigo huu umelala nyuma. Kwetu mkokoteni ukipakiwa hivi, nira inapanda juu, inawakaba ng'ombe kooni."

Aliyeshika usukani, ndiye mwandishi wa somo hili, akajibu, "Hili ni gari, Mama Watoto, si ng'ombe. Gari halina koo." Basi tukaondoka.

Jambo lililotupata njiani

Barabara ya Sumbawanga kwenda Kasanga hupitia Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo. Urefu wake unazidi kilomita 100. Zamani ilikuwa ya vumbi na matope, siku hizi ina lami. Lami ni nzuri, lakini lami humdanganya dereva. Kwenye mashimo mtu huenda polepole bila kuambiwa. Kwenye lami anajisahau.

Tulipita Matai salama. Mbele kidogo barabara ilianza kuteremka. Tulikuwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Ghafla tukasikia gari linavutwa kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena. Mama Watoto alitazama kwenye kioo cha pembeni, akasema, "Tela linacheza!"

Kweli, tela lilikuwa linapiga mkia kama samaki. Kila lilipoyumba liliyumba zaidi. Na kando ya barabara, mbele yetu, walikuwa wanafunzi wanarudi nyumbani.

Mguu ulitaka kukanyaga breki kwa nguvu. Mama Watoto akapaza sauti, "Usikanyage! Acha mafuta!" Tukaondoa mguu kwenye mafuta, tukashika usukani sawasawa bila kuuzungusha. Mwendo ukapungua. Tela likatulia pole pole. Tukasimama kando ya barabara. Wanafunzi wakapita wakatusalimia, "Shikamoo," wala hawakujua lolote. Sisi hatukuweza kuitikia kwa haraka. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Tulipomuuliza Mama Watoto amejuaje, alisema, "Mkokoteni ukikimbia mteremkoni, baba alikuwa hamvuti ng'ombe kwa ghafla. Ukimzuia ghafla, mkokoteni unamgeuza."

Kwa nini tela liliyumba?

Hebu tuangalie sababu. Tela la magurudumu mawili ni kama mizani. Katikati kuna ekseli, yaani chuma kinachounganisha magurudumu. Mbele kuna shingo inayofungwa kwenye gari. Ukiweka mzigo mzito nyuma ya ekseli, mkia unashuka na shingo inapanda. Shingo ikipanda, inainua sehemu ya nyuma ya gari. Magurudumu ya nyuma ya gari yanakosa kushika barabara vizuri. Hapo upepo kidogo, au shimo dogo, hutosha kuanzisha kuyumba. Mwendo ukiwa mkubwa, kuyumba kunazidi.

Ukiweka mzigo wote mbele kabisa napo ni vibaya. Shingo inalemea gari, na magurudumu ya mbele ya gari yanakuwa mepesi. Usukani haushiki vizuri. Kwa ng'ombe, nira inawaumiza shingo.

Kanuni ni hii: mzigo mzito uwe chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Vitu vyepesi ndivyo viwekwe nyuma na juu. Pande mbili, kushoto na kulia, zilingane. Mafundi wengi husema shingo ibebe kama sehemu moja kati ya kumi ya uzito wote wa tela na mzigo wake.

Tela letu tupu lilikuwa kama kilo 190. Mzigo ulikuwa kilo 310. Jumla kilo 500. Sehemu moja kati ya kumi ya 500 ni 50. Basi shingo ilipaswa kubeba kama kilo 50, sawa na mfuko mmoja wa unga. Yetu ilikuwa haibebi kitu, ilikuwa inapaa.

Pale kando ya barabara tulishusha mzigo wote. Tukapanga upya. Unga, maharage na maji tuliweka karibu na ekseli, upande wa mbele. Godoro likaenda nyuma. Kazi hiyo ilichukua nusu saa. Nusu saa hiyo tungeitumia nyumbani asubuhi, tusingewatia watoto wa watu hatarini.

Kuteremka kwenda ziwani

Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770. Kwa hiyo anayekwenda Kasanga anashuka zaidi ya mita 900. Si mchezo.

Kwenye mteremko tela linasukuma gari. Dereva akitegemea breki peke yake, breki zinapata moto, zinaanza kunuka, mwisho hazishiki. Kwa hiyo tulifanya hivi:

1. Tuliingiza gia nzito kabla ya kuanza mteremko. Ukichelewa, gia inaweza kugoma kuingia.

2. Hatukutoa gia. Wako madereva wanaotoa gia ili kuokoa mafuta. Mafuta wanaokoa kidogo, maisha wanayaweka rehani.

3. Tulikanyaga breki kwa vipindi. Hatukuukalisha mguu juu yake muda wote.

4. Tulisimama mara mbili kupoza breki. Kila tuliposimama tuliweka mawe mbele ya magurudumu ya gari na ya tela. Na tulipoondoka tuliyaondoa mawe barabarani. Jiwe lililoachwa barabarani ni mtego kwa mwingine.

5. Tulikagua pini ya kuungia, mnyororo wa usalama, nati za magurudumu, upepo wa matairi na taa za nyuma.

Mnyororo wa usalama ni muhimu sana. Pini ikikatika, mnyororo ndio unaolizuia tela lisiende peke yake.

Kulala ufukoni

Kasanga tulifika jioni. Joto la huko si kama baridi ya kwetu. Kasanga ni mahali penye historia. Wakati wa utawala wa Wajerumani palikuwa na boma lao, wakapaita Bismarckburg. Waliondoka mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, kwa miaka mingi ilikuwa ikipita Kasanga na abiria na mizigo. Ziwa lenyewe lina kina cha karibu mita 1,470. Duniani linazidiwa kina na Ziwa Baikal la Urusi tu.

Kabla ya kuweka tela tulikwenda kwanza kwa viongozi wa kijiji kujitambulisha. Mgeni asiyejulikana huwapa wenyeji wasiwasi. Walituonyesha mahali palipoinuka, mbali na maji. Walisema usiku mamba na viboko hutoka. Tulifunga magurudumu kwa mawe, tukaweka nguzo imara chini ya shingo ya tela, tukatundika vyandarua. Mtu wa juu asidharau mbu wa ziwani. Maji ya kunywa tulichemsha. Jiko la mkaa hatukuliingiza ndani ya tela, hata kwa kupasha moto tu. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, huua watu usingizini.

Shangazi alipoupokea unga alifurahi. Baadaye akalitazama tela akauliza, "Hii ndiyo nyumba?" Tukamwambia ndiyo. Akasema, "Nyumba yenye magurudumu ifungwe vizuri, isije ikaoga ziwani."

Kama unakwenda kununua samaki, uliza kwanza kama uvuvi umefunguliwa. Mwaka 2024, kwa mfano, uvuvi katika ziwa hili ulifungwa kutoka tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane.

Wakati wa kurudi

Wakati wa kupanda, hatari si breki tu, ni injini kupata moto. Tulikwenda polepole, tukabeba maji ya akiba.

Tulipofika Matai tuliliacha tela kwa jamaa, tukaenda kijiji cha Kapozwa kuona Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia. Maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Karibu na hapo, juu ya maporomoko, wataalamu walifukua magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine. Habari zake zilitangazwa mwaka 2023. Magogo hayo yana umri wa zaidi ya miaka 470,000. Watu wa kale hawakujua kusoma, lakini walijua kukata pengo mahali panapofaa ili kitu kikae juu ya kitu bila kuyumba.

Mafunzo ya somo

Kwanza, panga mzigo kwa akili, si kwa urahisi wa kushusha.

Pili, tela la mizigo si la watu. Wakati wa mavuno tunaona vijana na akina mama wamekaa juu ya magunia kwenye matela. Tela likiyumba, hao ndio wa kwanza kuanguka.

Tatu, elimu haimo kwenye vitabu tu. Aliyekua na mkokoteni wa ng'ombe alijua jambo ambalo mwenye cheti cha ualimu hakulijua. Siku ile cheti kilikuwa kwenye usukani, na elimu ilikuwa kwenye kiti cha pili. Tulichelewa kusikiliza. Tusirudie.

Maana ya maneno

Ekseli: chuma kinachounganisha magurudumu mawili.
Nira: mti unaowekwa shingoni mwa ng'ombe wawili wanaokokota.
Pini: chuma kinachofunga shingo ya tela kwenye gari au trekta.

Maswali

1. Mama Watoto alionya nini kabla ya safari kuanza?
2. Tela likiyumba dereva afanye nini? Asifanye nini?
3. Kwa nini jiko la mkaa halikuingizwa ndani ya tela?
4. Hesabu: Tela tupu lina kilo 300. Limepakiwa magunia matano ya mahindi, kila moja kilo 100. Jumla ni kilo ngapi? Shingo ibebe kama kilo ngapi?
5. Kazi ya kikundi: Kagueni tela au mkokoteni mmoja kijijini kwenu. Andikeni mambo matatu yanayohitaji kutengenezwa, kisha mmweleze mwenyewe kwa upole.

Ndugu wasomaji, tuonane katika somo lijalo. Elimu haina mwisho.