Uta, Wano na Kigumba: Ujuzi wa Upigaji Mishale na Usomaji wa Utenzi wa Fumo Liyongo

Mwanafunzi anayesoma Utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mnamo 1913, aghalabu hufundishwa kuutazama uta wa shujaa kama ishara: ishara ya uume, ya ushujaa, ya madai ya utawala. Hayo si makosa. Hata hivyo, uta ni chombo kabla haujawa ishara, na msomaji asiyejua namna chombo hiki kilivyotumika hupitwa na mambo ambayo hadhira ya Kijumwa haikuhitaji kuelezwa. Makala hii inanuia kukirejelea chombo chenyewe, kisha kuyasoma upya matukio mawili ya utenzi huo, yaani kikoa cha makoma na kifo cha Liyongo.

Istilahi

Kiswahili kina uta na upinde. Uta ndilo neno kongwe, na ndugu zake wanapatikana kwingi: Wakikuyu na Wakamba husema ũta, Wagiriama husema uha. Upinde limetokana na kitenzi pinda. Siku hizi upinde umekaribia kuufukuza uta kabisa, pengine kwa sababu wingi wake, nyuta au mata, huwatatiza wengi. Uzi wa uta ni upote. Mshale nao una viungo vyake: wano ni ule mti wake, kigumba (au chembe) ni chuma cha mbele, na nyuma hufungwa manyoya. Mfuko wa mishale ni podo au ziaka. Maneno haya yote yamo katika kamusi, lakini ni nadra kuyakuta katika insha za wanafunzi, ambako kila kitu ni "mshale" tu.

Uta wa Waata

Ili kuona maneno haya yakifanya kazi, inafaa kuwatazama Waata, wawindaji wa ndovu wa nyika iliyo nyuma ya pwani ya Kenya, baina ya mto Galana na Tsavo. Waswahili wamewaita Wasanye. Kwingineko wameitwa Waliangulu. Lugha yao ni ya jamii ya Kioromo.

Uta wa Mwaata ulikuwa mrefu, na kuuvuta kulihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100, yaani kilo 45 na ushei. Si chombo cha kuazimwa na mpita njia. Mshale wake haukuwa mti mmoja: kigumba kilishikizwa kwenye kijiti kifupi, na kijiti hicho kikachomekwa tu katika wano. Ndovu alipopigwa na kukimbia, kijiti na kigumba vilibaki mwilini, wano likadondoka. Mwindaji aliliokota akalitumia tena. Yamkini methali isemayo kwamba mshale kwenda msituni haukupotea humpa picha kamili zaidi mtu aliyewahi kuinama kuokota wano lake nyikani kuliko yule anayeikariri kwa ajili ya mtihani.

Hata hivyo, kilichoua si chuma bali sumu. Ilitokana na mti ambao Wagiriama huuita mutsungu na Wakamba kivai. Vipande vya mti huo vilichemshwa kwa saa nyingi hadi ukapatikana utomvu mweusi mithili ya lami, ukapakwa nyuma ya kigumba, kisha ukavingirishiwa ngozi laini ili usikauke. Wagiriama walisifika kwa kuitengeneza na kuiuza. Kiini chake, wabaini, huvuruga mapigo ya moyo. Jina hilo la kisayansi lenyewe limetokana na neno la Kisomali, waabaayo. Kwa kuwa sumu hiyo hainyonywi kwa urahisi na tumbo, nyama iliweza kuliwa baada ya sehemu ya jeraha kukatwa na kutupwa.

Ujuzi huu haukufa kwa uzee. Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mnamo 1948, na katika miaka ya 1956 na 1957 ikaendeshwa operesheni kali dhidi ya uwindaji haramu. Waata wengi walifungwa. Mnamo 1960 ulibuniwa mpango wa Galana uliokusudiwa kuwapa nafasi ya kuwinda kihalali, ila haukuleta tija iliyotarajiwa, na mnamo 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Si nia ya makala hii kuwatetea waliouza pembe. Lakini mtu anayekatazwa kuushika uta hana sababu ya kumfunza mwanawe majina ya viungo vyake.

Kikoa cha makoma

Katika utenzi, Sultani wa Pate anawatumia Wasanye na Wadahalo wamuue Liyongo. Hawa si watu wa kuokotwa tu njiani. Ni mafundi wa uta, na hila yao ni ya kifundi: wanafanya kikoa cha kula makoma, kila mmoja akwee mkoma kwa zamu awaangushie wenzake matunda. Zamu ya Liyongo ikifika, watamfuma akiwa juu. Mpiga mishale anahitaji mikono miwili na mahali imara pa kusimama; aliyeukumbatia mti hana hata kimoja kati ya hivyo.

Liyongo hakwei. Anabaki chini, anatoa mishale, anayaangusha makoma kwa kuyapiga huko huko juu. Wapo wanaolihesabu tukio hili kuwa chumvi ya kishujaa. Makala hii inaona vinginevyo. Waliotazama walijua upeo wa uta na ugumu wa kulenga shabaha ndogo iliyo juu kabisa ya kichwa. Liyongo hakuwatishia kwa neno. Aliwaonyesha tu, nao wakasoma. Ndiyo maana wanarudi kwa Sultani kukiri kwamba hawamwezi. Lau wangekuwa wachuuzi, pengine wangeshangilia tu na kuendelea kula.

Kisimani

Chumvi, kama ipo, iko mwishoni. Baada ya kuchomwa kitovuni na mwanawe, Liyongo anatoka, anapiga goti karibu na kisima, anauvuta uta na kufia hapo katika hali ya kutaka kufuma. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kudumu umeuvuta uta mzito kwa muda mrefu, sembuse wa maiti. Lakini watu wa mji, waliojua uta, hawathubutu kusogea kuteka maji. Wanakaa na kiu. Hata mamake anapoletwa ambembeleze, hakuna anayefikiri kwamba aliyeushika uta ule amekwisha kufa, mpaka siku anapoanguka.