Mtoto wako anasoma, au anaimba tu?

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, naomba nianze na jambo lililonipata nyumbani kwangu, ambalo hadi leo nikilikumbuka naona haya. Kijana wangu alipokuwa darasa la pili alikuwa akinijia jioni na kitabu chake cha Kiswahili, ananisomea ukurasa mzima bila kukwama. Mimi nimetoka kazini nimechoka, namsikiliza kwa sikio moja, nasema "mashaallah", basi yamekwisha. Siku moja, kwa utani tu, nikaufunika ukurasa kwa kiganja. Mtoto akaendelea "kusoma" mpaka mwisho! Nikafunua ukurasa mwingine ambao mwalimu wao alikuwa hajaufikia. Akanyamaza. Nikamwonyesha neno la silabi mbili. Akatazama picha, akakisia.

Nilighadhibika, nikamwita mvivu. Mama yake, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, akaniuliza swali moja tu: "Baba watoto, hivi wewe umewahi kumsomea mtoto huyu kitabu hata siku moja?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ni jibu langu, ingawa nimechelewa.

Kusoma na kuimba

Sisi Waislamu wa mwambao na bara tunajivunia kuwa watoto wetu huanza kusoma mapema. Kabla mtoto hajaandikishwa shule, ameshapelekwa madrasa na juzuu yake mkononi. Anaitikia alifu, bee, tee, kisha anaunganisha irabu, na akifika miaka saba au minane ameshahifadhi sura nyingi fupi. Hili ni jambo la kheri kubwa, na asije mtu akanielewa kuwa napinga kuhifadhi Qur'an. Kuhifadhi ni ibada na ni hazina.

Lakini tukubali kwamba kuhifadhi ni jambo moja na kusoma ni jingine. Mtoto aliyezoea kuitikia kwa pamoja na wenzake huichukua tabia hiyo mpaka shuleni. Mwalimu anasoma sentensi, darasa zima linaitikia, na mwishoni kila mmoja ameikariri. Ukimsikia utadhani anasoma, kumbe anaimba.

Kiswahili chenyewe nacho kinaweza kutudanganya. Maneno yake huandikwa kama yanavyotamkwa, hivyo mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu na wenzake anaweza kulitamka karibu kila neno utakalompa, hata la katiba ya nchi. Mzazi anafurahi. Mwambie sasa afunge kitabu akusimulie alichosoma. Hapo ndipo utakapojua kama maana imeingia kichwani au imeishia mdomoni.

Tatizo hili si la nyumba yangu peke yangu. Mwaka 2010 Uwezo ilianza kupima watoto majumbani hapa Tanzania, na ikabainika kuwa wengi wa watoto wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Serikali nayo mwaka 2015 ilianza mtaala wa darasa la kwanza na la pili unaotilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK. Hiyo ni hatua njema. Lakini mwalimu mwenye watoto wengi darasani hawezi kumpakata kila mmoja. Kazi ya kupakata ni ya mzazi.

Umma wa Iqraa

Hakuna Muislamu asiyejua kuwa wahyi wa kwanza aliouteremshiwa Mtume (S.A.W.) ulianza kwa amri ya kusoma, na kwamba katika aya hizo tano za mwanzo za Suratul-Alaq imetajwa pia kalamu. Tunalisema hili katika kila mhadhara. Swali ni je, tumelifanyia kazi vipi majumbani mwetu?

Vitabu vya sira vinatusimulia kuwa baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, baadhi ya mateka wa Kiquraishi waliojua kuandika na wasiokuwa na mali ya kujikomboa, walitakiwa kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina kuandika, ndipo aachiwe huru. Hebu tulizingatie hili. Dola changa, yenye mahitaji ya kila aina, iliacha fidia ya mali ikachukua fidia ya kalamu kwa ajili ya watoto. Sisi leo mzazi anaona tabu kutoa fedha ya kitabu cha kurasa ishirini, na wakati huo huo vocha ya simu hainunuliwi kwa mashauri!

Tumsomee kwanza

Baada ya swali la mama watoto nilianza utaratibu mdogo. Muda wa baina ya Magharibi na Isha vijana wako madrasa, kwa hiyo nilichagua baada ya Isha na chakula. Dakika kumi na tano tu, simu ya mzee ikiwa imewekwa mbali. Nitaeleza niliyojifunza, huenda yakamfaa mwenzangu.

Kwanza, mtoto hupenda kitabu kwa sababu ya aliyemshikia. Mkalishe karibu nawe, soma kwa sauti, pitisha kidole chini ya mstari ili macho yake yafuate. Mtoto wa miaka mitatu au minne hahitaji kujua herufi ili asomewe. Anajifunza kwamba kitabu kinasema, na kwamba kinachosema ni kitamu.

Pili, uliza huku ukisoma. Unadhani sasa atafanya nini? Kwa nini mama yake amekasirika? Mtoto anayejibu maswali haya anafikiri, na kufikiri ndiko kusoma kwenyewe.

Tatu, akitaka kitabu kile kile usiku wa tano mfululizo, msomee. Wewe umechoka nacho. Yeye bado anachimba.

Nne, tusifanye kusoma kuwa adhabu. Mzazi anayemwambia mtoto aliyekosea "nenda kasome!" anamfundisha kwamba kitabu ni ndugu wa kiboko. Katika Surat Luqman tunaona jinsi mzee yule mwenye hekima alivyompa mwanawe mafunzo mazito kabisa, kuanzia tauhidi mpaka namna ya kutembea na kuzungumza, na katika mafunzo hayo anamwita kwa neno la upendo.

Tano, mtoto akuone na wewe unasoma. Hapa sina la kuongeza.

Kitabu gani?

Hapa ndipo wazazi wengi tunapokosea, kwa namna mbili. Wapo wanaonunua chochote chenye picha za kupendeza, na wapo wanaokataa kila kitu isipokuwa vitabu vya fiqhi.

Mizani yangu ya kwanza ni kwamba kitabu cha mtoto mdogo akisome mzazi kwanza. Ni kazi ya dakika kumi. Haifai kumpa mtoto chakula ambacho hukukionja, na kichwa chake kina thamani kuliko tumbo.

Ya pili ni kiasi chake. Mwanzo picha kubwa na sentensi moja kwa ukurasa; baadaye picha zipungue na maneno yaongezeke. Kwa mtoto aliyeanza kujisomea kuna kipimo chepesi: afungue ukurasa mmoja, kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho bado kizito kwake, basi msomee wewe.

Ya tatu ni lugha. Kwa mtoto anayeota kwa Kiswahili, mwanzo wake uwe Kiswahili, tena fasaha. Nimeona nyumba ambamo mtoto wa miaka minne amejaziwa vitabu vya Kiingereza ambavyo hata wazazi hawavisomi. Kiingereza atakisoma, na Kiarabu tunamuombea akielewe, lakini mlango wa kuingilia ni lugha ya mama yake.

Ya nne ni itikadi na adabu. Katika visa vya Mitume tuwe waangalifu sana. Vipo vitabu vizuri vya rangi vinavyowachora Mitume sura zao, au vinavyowanasibishia makosa ambayo sisi tunaamini wametakasika nayo. Aidha, tuwe macho na vitabu vyetu wenyewe vilivyojaa visa visivyo na asili. Na tusimwanzishe mtoto wa miaka mitano kwa adhabu za kaburi. Amjue kwanza Mola wake kuwa ni Mwingi wa Rehma.

Mtu ataniuliza, je, Sungura na Abunuwasi? Maana wote wawili ni wajanja na waongo. Mimi nawasoma na wanangu. Hadithi ikiisha nauliza, alichofanya Abunuwasi ni haki? Aliyedanganywa alijisikiaje? Siku ya kwanza kijana alicheka tu. Siku ya tatu akaniambia, "Baba, Sungura angekuwa mtu asingekuwa na rafiki." Somo hilo sikumfundisha mimi, alilipata mwenyewe. Qur'an yenyewe inafundisha kwa visa, na kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) kimeelezwa humo pamoja na husuda ya ndugu zake na vitimbi vyao. Si lazima hadithi isiwe na muovu. La lazima ni uovu usipambwe ukaonekana wema.

Kupiga marufuku hakutoshi

Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kupigwa marufuku mashuleni vitabu 16 kwa kukiuka maadili, miongoni mwao mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid. Waislamu wengi tulipongeza, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini baada ya pongezi nilijiuliza, kitabu kibaya kikiondolewa mkononi mwa mtoto, tumemwekea kipi mahali pake? Mkono mtupu wa mtoto wa leo haukai mtupu, unashika simu. Na yaliyomo humo hayapiti kwa waziri wala kwa mzazi.

Masheikh wetu waliotangulia walilijua hili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891-1947) hakuishia kulalamika kuhusu elimu ya watoto wa Waislamu. Alikaa akawaandikia kwa Kiswahili chepesi vitabu vya dini. Sheikh Abdulla Saleh Farsy (1912-1982), aliyekuwa mwalimu wa shule Unguja, aliandika maisha ya Mtume (S.A.W.) kwa Kiswahili kinachosomeka. Walijaza pengo. Sisi tuna wachapaji, tuna kompyuta, tuna walimu waliohitimu vyuo vikuu, na pengo lipo pale pale.

Misikiti mingi ina kabati la vitabu. Lifungue, kama ufunguo utapatikana, utakuta tafsiri na vitabu vya hadithi vya majuzuu mazito, vingi kwa Kiarabu. Cha mtoto wa miaka saba hakuna. Napendekeza kila kamati ya msikiti itenge rafu moja ya chini kabisa, ambayo mtoto anaifikia kwa mkono wake, iwekwe vitabu ishirini vya Kiswahili vilivyokwisha kusomwa na walimu wa madrasa. Viazimwe Alhamisi, virudishwe Jumatano. Vitachanika, ndiyo. Kitabu cha mtoto kilichochanika kimefanya kazi yake kuliko msahafu uliofunikwa vumbi kabatini. Na walio karibu na maktaba za mikoa, au Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam iliyofunguliwa mwaka 1967, wawapeleke watoto.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Nilikuwa nikidhani ulizo langu kuhusu mwanangu litakuwa juu ya ada na sare. Sasa nahofia pia ulizo la zile jioni nilizosema "mashaallah" bila kutazama.

Kijana yule leo anajisomea. Hakuwa wa kwanza darasani, wala sisemi kuwa amekuwa mwanachuoni. Lakini juzi nilimkuta sebuleni amempakata mdogo wake, kidole kimepita chini ya mstari, anamuuliza: "Unadhani sasa atafanya nini?" Nikarudi nyuma kimya kimya nisiwakatishe.

Tumuombe Allah (S.W.) atujaalie vizazi vinavyosoma, vinavyofahamu na vinavyoyatumia waliyoyafahamu. Amin.