Nyongeza isiyotarajiwa: somo la biashara kutoka Disney World

MUUZA nafaka wa Kariakoo anaijua nyongeza. Akishapima kilo ya maharage, huchota konzi moja zaidi na kuitia kwenye mfuko wa mteja. Konzi hiyo haimo katika bei wala katika mapatano, lakini husaidia kumrudisha mteja kwenye meza ile ile wiki inayofuata.

Kampuni ya Walt Disney ya Marekani imewahi kufanya jambo kama hilo kwa kiwango kikubwa katika bustani zake za burudani. Mwenendo wake tangu mwaka 2005 unampa mfanyabiashara na mwekezaji mdogo somo moja muhimu: kumtofautisha mteja anayepewa nyongeza, anayepewa haki yake, na anayeuziwa bidhaa. Anayechanganya mambo haya matatu hupoteza fedha.

Nyongeza

Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba, 1971 karibu na mji wa Orlando, Florida. Kuanzia Oktoba 2006 hadi mwishoni mwa 2008, bustani za Disney za Florida na California ziliendesha mpango ulioitwa Mwaka wa Ndoto Milioni. Wafanyakazi maalum walizunguka katikati ya wageni na kuwapa zawadi watu waliopatikana kwa bahati. Nyingi zilikuwa ndogo, kama kofia yenye masikio ya Mickey Mouse au kadi ya kuingia kwenye michezo bila kukaa foleni ndefu. Chache zilikuwa kubwa, na iliyovuma zaidi ni familia kulala usiku mmoja ndani ya kasri la Cinderella. Chumba hicho hakikuwa kikiuzwa kwa bei yoyote.

Tazama gharama yake. Nafasi ndani ya kasri ilikuwapo tangu 1971, hivyo kampuni iligharamia matengenezo na huduma tu. Kadi ya foleni ni rahisi zaidi, kwa sababu mchezo ungeendeshwa hata kama mgeni yule asingepewa kadi. Gharama halisi ya kadi hiyo huwaangukia wale wanaosubiri dakika chache zaidi. Zikitolewa chache hakuna anayelalamika. Zikitolewa nyingi, foleni ya kawaida inasimama.

Kwa upande wa mapato, aliyepata zawadi alirudi nyumbani na habari ya kusimulia, na ambaye hakupata alijua kwamba kesho huenda ikawa zamu yake. Hayo ni matangazo ambayo kampuni haikulazimika kuyalipia gazetini.

Haki

Nyongeza inayotolewa kila siku kwa kila mtu hugeuka kuwa haki. Mwaka 2005 Disney ilianza kuwasafirisha bure wageni wa hoteli zake kutoka uwanja wa ndege wa Orlando. Baada ya miaka kadhaa hakuna mgeni aliyeona basi hilo kuwa zawadi. Lilikuwa sehemu ya hesabu ya safari yake. Huduma ilipokoma mwanzoni mwa 2022, wageni hawakushukuru kwa miaka ya nyuma bali walinung'unika kwamba wamepunjwa.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa maegesho ya magari hotelini. Mwaka 2018 Disney World ilianza kuwatoza wageni wa hoteli kwa kulaza magari yao. Januari 2023 ilifuta tozo hiyo. Kampuni kubwa yenye wataalamu wengi ilijifunza kwa vitendo kwamba kumnyang'anya mteja alichokizoea kuna gharama ambayo haionekani katika hesabu za mwezi wa kwanza.

Bidhaa

Njia ya tatu ni kukiuza kile kilichokuwa kinatolewa bure. Utaratibu wa kupunguza foleni, FastPass, ulianza mwaka 1999 bila malipo. Oktoba 2021 Disney World ilileta utaratibu mpya, Genie+, kwa dola 15 kwa mtu mmoja kwa siku. Mapato yaliongezeka. Lakini mteja anayelipa hudai: akichelewa, anataka maelezo. Aliyepewa zawadi hadai.

Mfano mkali zaidi ni Galactic Starcruiser, hoteli ya vyumba 100 iliyojengwa kama chombo cha angani cha filamu za Star Wars. Ilifunguliwa Machi 2022. Watu wawili walilipa takriban dola 4,800 kwa malazi ya siku mbili, pamoja na maigizo yaliyowazunguka muda wote. Wengi waliokwenda waliisifu. Tatizo lilikuwa kuwapata wa kutosha kwa bei hiyo. Ilifungwa Septemba 2023, na kampuni ikalazimika kuingiza vitabuni uchakavu wa haraka wa takriban dola milioni 250.

Mwekezaji aangalie nini

Katika mwaka wa fedha wa 2024, kitengo cha Disney chenye bustani, hoteli na meli za kitalii kilipata faida ya uendeshaji ya takriban dola bilioni 9.3, karibu asilimia 60 ya faida ya vitengo vyote. Hesabu hizo hazitenganishi faida iliyotokana na mgeni kufurahi na ile iliyotokana na mgeni kubanwa. Zote mbili huonekana sawa kwa mwaka mmoja. Tofauti hujitokeza baadaye, pale idadi ya wageni inapopungua huku mapato kwa kila mgeni yakipanda. Mwenye hisa za kampuni yoyote ya hoteli au utalii asome tarakimu hizo mbili pamoja, asiridhike na moja.

Hesabu ya duka

Chukua mfano wa duka lenye wateja 200 kwa mwezi, kila mmoja akinunua bidhaa za sh. 10,000. Mauzo ni sh. 2,000,000. Faida ghafi ikiwa asilimia 20, ni sh. 400,000.

Mwenye duka akipunguza bei kwa asilimia 5 kwa wote, anatoa sh. 100,000, yaani robo ya faida ghafi. Mwezi wa tatu wateja watakuwa wameizoea bei mpya. Akiamua badala yake kuwapa wateja 10 nyongeza ya sh. 2,000 kila mmoja, bila kutangaza, anatoa sh. 20,000, sawa na asilimia 5 ya faida ghafi. Bei yake inabaki pale pale.

Masharti ni matatu. Kwanza, nyongeza isiahidiwe, kwani ikiahidiwa ni deni. Pili, isiwaendee jamaa na marafiki peke yao, maana wateja wengine wanaona. Tatu, isigeuzwe kuwa bahati nasibu ya kununua ili ushinde bila kwanza kuuliza Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Juu ya yote, nyongeza haifuniki kipimo kibovu. Kilo ikiwa pungufu, konzi ya juu haitamrudisha mteja.