Nguzo ya Sanduku la Barua Inapogongwa na Gari: Somo la Usalama Kando ya Barabara

Gari likiacha njia, mara nyingi kinachoamua iwapo dereva atarudi nyumbani ni kile kitu kilichosimama kando ya barabara. Huenda ni mti, jiwe au nguzo iliyosimikwa na mtu asiye na nia mbaya. Katika somo hili tunaangalia jinsi wahandisi wa Marekani walivyochunguza kitu kidogo tu: nguzo ya sanduku la barua.

Kwa nini sanduku la barua?

Hapa Kenya tumezoea kwenda posta kufungua sanduku letu. Mashambani Marekani, mpeleka barua hupita kwa gari na kutia barua katika sanduku lililo mbele ya kila boma. Ili alifikie bila kushuka, sehemu ya chini ya sanduku hutakiwa kuwa kati ya sentimita 104 na 114 kutoka usawa wa barabara. Kwa hiyo sanduku halina budi kukaa karibu na magari, tena karibu na kimo cha kioo cha mbele cha gari dogo.

Jaribio hufanywaje?

Gari lisilo na mtu huongozwa hadi ligonge nguzo, huku kamera na vipimo vikinasa kila kitu. Mwongozo wa Marekani uitwao MASH, uliotolewa mwaka 2009, unataka gari dogo la kilo 1,100 lijaribiwe kwa mwendo wa kilomita 30 na pia kilomita 100 kwa saa. Pikapu ya kilo 2,270 nayo hutumiwa.

Kwa nini mwendo wa aina mbili? Kwa mwendo wa chini, gari linaweza kukosa nguvu ya kuangusha nguzo, likasimama ghafla na abiria akarushwa mbele. Kwa mwendo wa juu, hatari kubwa ni sanduku kung'oka na kupenya kioo. Tukumbuke kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mgongano huongezeka mara nne. Kugonga kitu kisichosogea kwa kilomita 100 kwa saa ni sawa na gari kudondoka kutoka kimo cha karibu mita 39.

Nguzo hufaulu ikiwa gari halikupinduka, kioo hakikutobolewa wala kubonyea zaidi ya milimita 76, na abiria hakurushwa kwa kasi ya kupita kiasi.

Mambo yaliyobainika

1. Nguzo iwe dhaifu kiasi cha kulala au kuvunjika. Ya mbao isizidi sentimita 10 kwa 10. Bomba la chuma lisizidi upana wa sentimita 5.
2. Isizamishwe zaidi ya sentimita 60, wala isimwagiwe zege. Zege huizuia kulala.
3. Sanduku lifungwe imara kwenye nguzo, lisije likaruka peke yake.
4. Masanduku mengi yasipangwe juu ya ubao mmoja uliolazwa. Ubao huo unaweza kuingia ndani ya gari kama mkuki.

Sisi tunajifunza nini?

Hatuna masanduku hayo, lakini tunayo mabango ya biashara juu ya mabomba yaliyomwagiwa zege, mawe makubwa yaliyopakwa chokaa, na mapipa yaliyojazwa simiti mbele ya lango. Tunayaweka ili yalinde ua au yaelekeze wateja. Lakini mwendesha bodaboda akiteleza usiku, jiwe hilo halitamhurumia.

Sheria ya Barabara ya Kenya ya mwaka 2007 inataka kibali cha mamlaka husika kabla ya kuweka jengo katika hifadhi ya barabara. Kabla ya kusimika chochote, uliza ofisi ya barabara ya kaunti iliyo karibu nawe. Ikiwa barabara hiyo iko chini ya KeNHA, KURA au KeRRA, utaelekezwa huko.

Jipime

- Ni kitu gani kigumu kilicho kando ya barabara mbele ya boma au duka lako?
- Je, gari likikigonga, kitalala au kitalisimamisha?
- Je, kinaweza kuhamishiwa ndani ya ua?

Ukikuta jibu baya, usingoje ajali ikukumbushe. Atakayekigonga huenda akawa mtoto wako.